Mzikeni Stefano kwanza

Mtu akipatwa na jambo kwa ajili ya imani yake, kwao wamemfukuza au kibarua kimeota nyasi, sisi wapendwa tuna haraka ya ajabu ya kumweleza Mungu anakusudia nini. Mimi yalinikuta nilipokataa kusaini stakabadhi za mzigo ambao haukuwahi kufika ghalani. Nikasimamishwa kazi, na kabla ya saa mbili usiku simu yangu ilikuwa imejaa Warumi 8:28, ule mstari wa kwamba Mungu hufanya kazi katika mambo yote kuwapatia mema wampendao. (Sijilinganishi na waliotupiwa wanyama wakali. Lakini mwenye nyumba haulizi umeteswa kiasi gani.)

Aliyenifaa ni mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi. Alikuja kesho yake na unga, akaketi uani na mke wangu wakichambua mchicha, na swali lake la kwanza likawa, "Kodi mmelipa hadi lini, mwanangu?" Habari za makusudi ya Mungu hakuzigusa kabisa.

Baadaye nilirudi kwenye Matendo ya Mitume, nikaona Luka, mwandishi wake, naye hana haraka. Sura ya 8, Stefano ameshapigwa mawe hadi kufa kwa ajili ya imani, Sauli (ndiye Paulo wa baadaye) anaingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake kwenda gerezani, waumini wanatawanyika Uyahudi na Samaria. Katikati ya vurugu hiyo, mstari wa 2: watu wacha Mungu wakamzika Stefano na kumwombolezea sana. Hasemi kwamba mtu alisimama kaburini kutangaza kuwa sasa injili itaenea.

Na kweli ilienea. Ila hadi sura ya 11 ndipo Luka anaunganisha mambo: waliokimbia dhiki iliyotokea kwa habari ya Stefano wamefika Foinike, Kipro na Antiokia, na huko Antiokia watu wa Kipro na Kirene wakaanza kusema na Wayunani pia. Barnaba akaenda Tarso kumtafuta Sauli, yule yule wa sura ya 8. Kisha njaa ikaingia, na kanisa hilo lililoanzishwa na wakimbizi likachangia ndugu wa Uyahudi, mchango ukapelekwa kwa wazee kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hapo huwa nasimama. Jifanye wewe ni mama wa Yerusalemu, mumeo aliburutwa na Sauli mbele ya watoto, leo unaambiwa chakula unachokula kimeletwa na Sauli. Nani angethubutu kumwambia hayo siku ya kumzika Stefano?

Halafu iko sura ya 12, inayotufunga midomo zaidi. Herode anamwua Yakobo kwa upanga. Anamkamata Petro, na Petro anatolewa gerezani na malaika. Mitume wote wawili, mji mmoja. Luka hatoi sababu kwa nini huyu na si yule. Mhubiri, usimsaidie Luka kuitafuta.

Waliokufa wenyewe hawakuficha maumivu. Perpetua, Mkristo aliyeuawa Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 203 akiwa na miaka kama 22, aliacha maandishi ya gerezani. Humo anaeleza wasiwasi wake juu ya mtoto aliyekuwa ananyonya, na jinsi alivyomhurumia baba yake mzee aliyekuja kumsihi aikane imani. Hakuikana. Lakini hakujifanya hana moyo.

Kwa hiyo ukienda kumwona mwenzako, uliza kodi, ada na dawa kwanza. Kama ni suala la kazi, mtafutie mtu anayejua sheria za kazi mapema, maana malalamiko yana muda wake wa kufunguliwa. Mstari ukikuwasha mkono kuutuma, tuma Zaburi 13 au 44, zaburi za kumlilia Mungu. Hata Paulo, mistari minane tu baada ya ule wa Warumi tunaoupenda, ananukuu hiyo ya 44: "Kwa ajili yako tunauawa mchana kutwa." Na kama yamekukuta wewe, usiharakishe kutoa ushuhuda kwa sababu tu watu wanausubiri.

Mimi nilipata kazi nyingine. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza, na walioniambia Mungu ananiandalia kikubwa zaidi hawajaniuliza tena.