Kabla Hujaitia Tezo Ngalawa ya Mtu

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi hii lilikuwa kabari moja ya mti, isiyozidi urefu wa kiganja. Niliikuta imebanwa kwenye kitako cha mlingoti wa ngalawa kuukuu niliyopewa niikarabati. Nikadhani fundi aliyenitangulia aliichomeka tu kuziba tundu lililolegea. Nikaitupa, nikachonga kitako kipya, mlingoti ukasimama wima, nami nikajiona fundi.

Siku ya tatu mwenye chombo akarudi kanuna. Kila akilegeza usukani, omo, yaani mbele ya chombo, inakimbilia upepo, na mkono umemfa ganzi kwa kushindana nao. Kumbe ile kabari ndiyo iliyouinamisha mlingoti mbele. Mlingoti ukiinama mbele, tanga nalo husogea mbele na chombo hushika njia. Ukiusimamisha wima, nguvu ya upepo huhamia tezi, yaani nyuma, na chombo hujigeuza chenyewe. Nilichonga kabari nne mpya ndipo nikaupata mwinamo ule, kwa sababu sikuwa nimeupima kabla ya kuuvunja.

Kwa hiyo wewe unayeanza, siku ya kwanza usiguse shoka wala tezo ya kuchongea. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi, uukaze. Kila baada ya mkono mmoja pima upana, kina na unene wa ubavu, uandike. Pima mwinamo wa mlingoti kwa timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni. Piga picha ukiwa umeweka futi kando ya kila kiungo. Halafu muulize mwenye chombo kila kipande anakiitaje, na uandike kama alivyotamka. Majina ya sehemu za ngalawa, hasa miti ya matengo, ile inayokatiza chombo, na mbao zinazoelea pembeni, hayafanani kila kijiji, na mzee akiondoka huondoka nayo.

Hili silisemi kwa kutia chumvi. Mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi, ulikwisha kuundwa mapema katika karne ya 20. Nakala ilipoundwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000, waundaji walilazimika kutegemea mifano midogo, picha na michoro, maana hakukuwa na fundi aliye hai wa kumuuliza kamba inapitaje. Tena jengo lililowekwa nakala hiyo, Beit al-Ajaib, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Kuweka chombo makumbusho ni jambo jema, lakini mimi naamini zaidi mikono inayojua kukiunda.

Sasa mti wenyewe. Magamba mengi ya ngalawa, yaani miili iliyochongwa kwa gogo, ni mwembe: mpana, mwepesi kuchonga, lakini mwepesi pia kuoza na kutobolewa na wadudu wa baharini. Ukiona doa jeusi, usiliamini jicho. Chomeka ncha ya kisu; ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, endelea kukata mpaka ifike mahali inapogoma. Wengi huacha nusu ya uozo kwa huruma ya kutokata sana, na baada ya mwaka kiraka kizima kinang'oka. Kiraka kiwe cha mti wa aina ileile, nyuzi zake zielekee upande uleule wa gamba. Bati na lami sivitaki karakanani. Vinaziba macho tu, huku maji yakibaki ndani yanaozesha. Na msumari wa chuma kitupu ukipata kutu, kutu hiyo huharibu mti unaouzunguka, kwa hiyo tumia uliopakwa zinki.

Kwenye kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba, ndipo vijana wanapojionyesha nguvu. Chombo kilichoanikwa juani miezi miwili mbao zake husinyaa, na kati ya gamba na mbao za nyongeza hufunguka nyufa za kuingiza kisu. Ukizishindilia pamba hapo hapo, mbao zikinywa maji zitavimba na hazitakuwa na pa kwenda: zitang'oa misumari au zitapasua ubavu. Kifunike kwanza kwa magunia yaliyolowa, siku mbili tatu, kisha utie pamba katika nafasi iliyobaki. Sikiliza nyundo. Mlio ukibadilika kutoka butu kuwa mkavu, acha.

Chini hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, baada ya kupitisha miali ya makuti makavu kuua wadudu. Juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake utaizoea. Walio nyumbani kwako sina hakika.

Panga kazi kwa bamvua, yaani siku za maji makubwa. Chombo kizito hupandishwa maji yakijaa sana, na ukichelewa kumaliza, maji mafu, yale madogo, hayatakifikia: utangoja bamvua lijalo, kama siku kumi na tano toka lile la kwanza. Ndiyo maana sipokei kazi mbili kwa bamvua moja, hata mwenye chombo abembeleze vipi.

Kuhusu kuunda upya, ngoja. Miembe minene iliyonyooka imebaki michache, kuikata kunahitaji kibali, na gogo likiachwa zima juani hupasuka. Litoboe ndani mapema, kulekule lilikoanguka, ulifunike kwa majani mabichi, ndipo mwite watu wa kulivuta pwani. Mimi mwenyewe nilikarabati ngalawa kumi na moja kabla ya kukabidhiwa gogo la kwanza.

Ukija kuanza, njoo na daftari, penseli ya seremala, uzi mrefu na futi. Tezo utaazimwa.