Kuhusu dozi ya furosemaidi kwa mama mwenye figo dhaifu

Dada, umeuliza kwa nini mama yako, aliyelazwa hapo Moshi kwa moyo kushindwa kusukuma damu, ameongezewa sindano ya furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, ilhali figo zake ni dhaifu na kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, imepanda kidogo. Hofu yako inaeleweka, lakini dawa hii hufanya kazi ikiwa ndani ya mirija ya figo, na figo zilizochoka huipitisha kwa uchache, ndiyo maana wagonjwa kama yeye mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko wengine. Tena maji yaliyojaa mwilini huongeza shinikizo kwenye mishipa ya figo zenyewe. Kwa hiyo kreatinini ikipanda kiasi huku uvimbe ukipungua, mkojo ukitoka vizuri na pumzi ikirejea, madaktari wengi hawaisimamishi dawa. Waulize kuhusu potasiamu, madini ya damu yanayogusa mapigo ya moyo, hasa wakimwanzishia spironolaktoni, dawa nyingine ya moyo ambayo huipandisha, na usimpelekee mtori kabla ya kuwauliza, kwa kuwa ndizi zina potasiamu nyingi. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya magoti inayoweza kuumiza figo, ambayo wazee wetu huinunua dukani kama peremende, asiiguse kabisa. Akiruhusiwa, mpimeni uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, mrudisheni hospitali.