Muulize Mama Safari: "Mji hauna bahari, nitauzaje meli?"

BARUA YA KWANZA

Jambo Mama Safari. Mimi ni binti wa miaka 27, nakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi katika ajansi moja ya mjini, nauza bileti za ndege: Johannesburg, Addis Ababa, Dubai, Kinshasa. Mwaka jana Papa mmoja, mhandisi wa mgodi, aliingia bironi akaniuliza bei ya kruazieri, yaani safari ya meli ya kitalii, ya kutoka Durban, yeye na mke wake. Sikujua hata pa kuanzia kutafuta. Alingoja kidogo, akaaga kwa heshima, akaenda kulipa mwenyewe kwenye intaneti. Tangu siku ile wazo haliniachi. Nataka kuwa wakala wa safari za meli za kitalii, hiyo iwe ndiyo kazi yangu. Mkubwa wangu wa kazi anasema ni ndoto, mji hauna bahari. Nyumbani yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, ananiuliza ni nani wa Katanga atatoa makuta yake aende kutapika majini. Nianzie wapi?

Binti wa Kampemba

JIBU

Jambo binti yangu. Yule Papa mhandisi amekwisha kumjibu mkubwa wako. Alikuja na makuta mfukoni, anajua anachokitaka, akakosa wa kumuuzia. Na kuhusu bahari: kampuni ya MSC Cruises, ambayo meli zake ndizo watu wetu wengi wamezipanda pale Durban, makao yake makuu yako Geneva, Uswisi. Uswisi nayo haina bahari.

Mimi niliuza bileti za ndege miaka kumi na mmoja kabla ya kuuza kitanda cha kwanza cha meli. Nikueleze yaliyowapata wateja wangu wale wa kwanza, maana ndiyo yaliyonifunza kazi hii kuliko somo lolote.

Walikuwa mtu na mke wake, walimu wastaafu wa Likasi, wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto walichanga. Safari ilikuwa ya siku nne: kutoka Durban, kupita kwenye kisiwa kimoja cha Msumbiji, kurudi Durban. Nilinunua kabini yenye dirisha, nikapanga ndege, nikawasaidia kuomba viza ya Afrika Kusini. Viza ikatoka, tukafurahi, Mama akaniletea kuku wa kienyeji. Siku ya safari, saa saba mchana, simu yangu ikalia. Papa alikuwa bandarini, anasema polepole kama mtu anayesoma barua ya msiba: "Mama, wanatuambia viza yetu inaingia mara moja tu."

Nilielewa pale pale, nikakaa chini. Meli ikitoka Durban kwenda Msumbiji, abiria ametoka Afrika Kusini. Ikirudi, anaingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi siku aliposhuka uwanja wa ndege. Kampuni haiwezi kumpandisha mtu ambaye haitaweza kumshusha. Wale wazee walilala usiku nne katika hoteli ya Durban, na jioni ile waliiona meli yao ikiondoka kupitia dirishani. Gauni jeupe ambalo Mama alishonesha kwa ajili ya usiku wa kuvaa vizuri melini lilirudi Likasi likiwa bado ndani ya nailoni yake. Makuta yao niliyarudisha kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo, kwa miezi saba. Fotokopi ya ile viza iko hadi leo katika droo ya meza yangu, na pale palipoandikwa idadi ya kuingia nimezungushia kalamu nyekundu.

Ndiyo maana nakuambia, binti yangu: hapa kwetu wakala wa meli anauza hati kwanza, meli baadaye. Mtu wa Ulaya anaweza kununua safari kwenye simu akiwa kitandani, kwa sababu pasipoti yake inafungua karibu bandari zote. Mteja wako hawezi. Hiyo ndiyo sababu atakuja kwako, na akipata msaada wa kweli atakuletea dada zake, wajomba zake na kanisa zima.

Fanya hivi kila mara. Weka ratiba ya meli upande wa kushoto wa meza, pasipoti wazi upande wa kulia, tembeza kidole bandari kwa bandari. Kila meli inapotoka nchi moja na kuingia nyingine, simama. Mfano: meli inaanzia Marseille, inapita Genoa, inavuka hadi Tunis, inarudi Ulaya. Ufaransa na Italia ziko chini ya viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, iitwayo Schengen, lakini Tunisia iko nje. Mteja akiwa na Schengen ya kuingia mara moja, Tunis ndiyo inayomkata. Na usidanganywe na neno "sitashuka, nitabaki melini". Kampuni nyingi hudai hati za bandari zote za ratiba, ushuke usishuke. Waulize kwa maandishi kabla ya kuchukua hata avansi, yale malipo ya kwanza.

Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usiisahau, Afrika Kusini inaidai kwa mtu anayetoka kwetu. Chanjo iwe imepigwa siku 10 kabla ya safari, si jana yake. Na mteja akikuletea kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10, usimpeleke kulipa tena: tangu Julai 2016, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, chanjo ya homa ya manjano ni halali maisha yote, hata kwa kadi zilizotolewa kabla ya hapo. Pasipoti nayo iwe na miezi sita mbele kuhesabu kutoka siku ya kumaliza safari. Safari ya meli hununuliwa mapema sana, pasipoti inayoonekana nzima leo inaweza kuwa imefika ukingoni siku ya kuondoka.

Sasa tuzungumze makuta, kwa kuwa najua hukuthubutu kuuliza. Kamisheni ya safari za meli huanzia kama asilimia 10, na wanaouza nyingi hufika 15 au zaidi. Inasikika tamu kwa mtu wa bileti za ndege. Lakini haihesabiwi kwenye bei yote. Chukua mfano wa kabini ya dola 700 kwa mtu, na ndani yake dola 180 ni kodi na ada za bandari. Kamisheni inahesabiwa kwenye zile 520: dola 52 kwa mtu, 104 kwa mtu na mke wake. Na kama unauza chini ya ajansi nyingine, inakata sehemu yake. Kisha unangoja, kwa sababu kampuni hailipi kabla mteja hajamaliza deni lake, nyingine hadi meli iondoke. Usiache mshahara wako wa sasa mwaka huu. Nakusihi.

Kinacholisha nyumba ni vikundi. Kampuni nyingi zina desturi ya kutoa nafasi moja ya bure ya kitanda kwa kila watu 16 waliolipa. Unaweza kuitumia kuwasindikiza, au kugawanya punguzo kwa wote. Na hapa Lubumbashi tuna kitu cha kutusaidia: likelemba, ule mchango wa kikundi wa kupokezana kwa zamu. Tazama jinsi malipo ya meli yanavyokwenda. Avansi ndogo ya kushika kabini, kisha deni lote limalizwe siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka. Ni kalenda ya likelemba kabisa! Kikundi changu kizuri kuliko vyote kilikuwa cha Mama 18 wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, wengi wao wakiijua Dubai kwa ajili ya kununua mali. Walichanga miezi kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusafiri bila kubeba mzigo wa kuuza. Siku ya pili melini mmoja wao alinipigia simu kuniambia ameamka saa nne asubuhi, hakuna aliyemgongea mlango, na hajui afanye nini na mikono yake. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

Makuta ya watu yasilale katika droo yako. Yakifika, hesabu mbele yao, kagua kila noti (dola iliyochanika hata kidogo benki zetu haziitaki, wewe unajua), andika risiti yenye jina na tarehe ya malipo yanayofuata, uyatume siku hiyo hiyo kwenye namba ya safari yao. Wakala wa meli anafilisika kwa kitu kimoja hasa: kulipia deni la mteja wa jana kwa avansi ya mteja wa leo.

Mahali pa kuanzia ni hapo hapo ulipo. Kibali cha IATA unachokisikia kila siku ni cha bileti za ndege. Meli unaweza kuiuza bila hicho, ukiwa chini ya ajansi ya Afrika Kusini au ya Ulaya iliyokwisha kuwa na mkataba na kampuni za meli. Mshawishi mkubwa wako muiandikie ajansi hiyo pamoja, wewe ubebe kazi ya meli. Kampuni kubwa zina masomo ya mawakala kwenye intaneti, mengine kwa Kifaransa. CLIA, shirika la kampuni za meli za kitalii lililoanzishwa 1975, nalo lina vyeti vyake. Siku ya kufungua biro yako ndipo uende Guichet Unique, ofisi ya kusajili biashara, kwa RCCM (usajili wa biashara) na karatasi nyingine, kisha kwenye idara ya utalii kwa leseni. Hiyo ni baadaye.

Katika masomo, jifunze zaidi ramani ya meli. Anayeogopa kutapika, kama yaya yako, mpe kabini ya katikati ya meli na ya sitaha ya chini, meli huyumba kidogo pale kuliko mbele, nyuma au juu. Usimweke Mama mzee chini ya ukumbi wa dansi. Mwambie mteja mapema kwamba bei ni ya mtu mmoja katika kabini ya wawili, na anayelala peke yake anaweza kulipa karibu mara mbili. Kwamba kuna bakshishi ya wafanyakazi kwa kila siku, na vinywaji na intaneti mara nyingi ni juu yake. Msimu wa Durban kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili hivi. Kwenye Kisiwa cha Wareno, karibu na Maputo, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na mawimbi yakikataa hakuna kushuka. Mteja aliyeambiwa hilo Lubumbashi atasikitika kidogo. Asiyeambiwa atakuita tapeli.

Na ndege ifike Durban siku moja kabla. Siku moja kabla, binti yangu, hata kama mteja ananung'unika kwa ajili ya bei ya hoteli. Meli haimngoji mtu aliyekwama Johannesburg.

BARUA YA PILI

Mama Safari, watoto wangu wanataka kunipeleka kwenye meli hizo pamoja na mama yao. Mimi nilikulia Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, nimeona boti zikizama. Hawa vijana hawajui maji. Je, nikubali?

Papa wa Kamalondo

JIBU

Papa, hofu yako naiheshimu. Sisi tumezika watu wa maziwa na mito yetu, na tunajua sababu: boti imejazwa kupita kiasi, inatembea usiku, majaketi hakuna, na orodha ya abiria haipo. Meli hizi haziruhusiwi kuondoka hivyo. Baada ya Titanic kuzama 1912, mataifa yaliandika mkataba wa usalama wa baharini, SOLAS, mwaka 1914, na umeendelea kurekebishwa. Mwezi wa Januari 2012 meli ya Costa Concordia ilipasuka kwenye mwamba Italia, watu 32 wakafa. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku ile ile na bado hawajafanya zoezi la usalama. Kanuni ikabadilishwa: zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Kwa hiyo ukipanda, kabla ya chakula, kabla ya kutazama bahari, wewe na Mama nendeni mahali pa kukusanyikia palipoandikwa kwenye kadi zenu. Mwombeni mfanyakazi awaonyeshe jinsi ya kufunga jaketi. Kisha tembeeni kwa miguu kutoka hapo hadi kabini yenu, mara mbili, kwa ngazi, bila lifti. Wateja wangu wazee wote hufanya hivyo, na huniambia usiku ule walilala.

BARUA YA TATU

Mama, nina jina la ukoo, jina la pili na jina la ubatizo. Fomu ya meli ina visanduku viwili tu. Bileti ya ndege wameandika jina la ukoo na la ubatizo. Ni shida?

Msomaji wa Ruashi

JIBU

Ndiyo, ni shida, na afadhali umeuliza sasa. Fungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha, kwenye ile mistari miwili ya chini tazama wa kwanza, wenye alama za <<. Yaliyo kabla ya << (ukiacha P na herufi za nchi mwanzoni) ndiyo ya ukoo, yaliyo baada yake ndiyo uliyopewa. Andika kwenye fomu ya meli vile vile, herufi kwa herufi, jina la pili likiwa upande ule ule lilipo hapo. Kisha rudi kwa waliokuuzia ndege, warekebishe bileti ilingane. Fanya wiki hii, kabla hujamaliza deni, maana kampuni nyingi hurekebisha jina kirahisi mwanzoni na kwa malipo mwishoni.