Hosta yenye harufu nzuri itastawi chini ya mwembe Mwanza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nakaa Isamilo, Mwanza. Nyuma ya nyumba kuna mwembe mkubwa, chini yake hakuoti kitu. Dada yangu aliyeko Uholanzi ana hosta, mimea ya bustani yenye majani mapana na maua meupe yanayonukia jioni, anataka kunitumia mizizi. Niipandeje?

JIBU: Marahaba. Kabla hajafunga mzigo, mwambie asubiri.

Kivuli hosta inakipenda. Inachokikosa Mwanza ni baridi. Kwa maelezo yako hiyo ni Hosta plantaginea, yenye asili ya China, na ndiyo inayovumilia joto kuliko hosta nyingi. Hata hivyo kila mwaka hupukutisha majani na kulala wiki kadhaa kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 5, ndipo ichipue kwa nguvu. Kwetu hata usiku wa Julai haukaribii huko. Isipolala, kila chipukizi jipya huwa dogo kuliko lililopita, mpaka mmea unaisha. Samadi haitaiponya, kwa hiyo usiipoteze hapo.

Ukiitaka kwa dhati, ipande kwenye chungu. Kiangazi cha Juni kikianza, punguza maji hadi majani yakauke, kisha weka mizizi kwenye friji, si friza, wiki nane hivi, ndani ya mfuko wenye matobo na maranda yenye unyevu kidogo. Ni kazi ya kila mwaka. Na mizizi haiingii nchini bila kibali. Waulize Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu mapema.

Ningekuwa wewe, ningetafuta Eucharis. Hili ni ua la misitu ya Kolombia na Peru: majani mapana ya kijani kibichi yanayofanana sana na ya hosta, maua meupe yenye harufu tamu, na halihitaji baridi kabisa. Usilipande ardhini. Mizizi ya mwembe itakunywa maji yote, na udongo wetu wa kichanga uliotokana na mawe haushiki maji. Tumia vyungu, changanya mboji na mchanga, acha vitunguu vyake (sehemu ya chini ya ardhi iliyo kama kitunguu) vibanane humo. Vikibanana ndipo vinatoa maua vizuri. Likikaa muda bila kuchanua, punguza maji wiki chache bila kuacha majani yanyauke, halafu rudisha. Watoto wasitafune vitunguu hivyo, vina sumu.

Huenda muuza miche akakupa Hedychium nyeupe, jamii ya tangawizi. Inanukia vizuri sana, ila inataka mwanga zaidi na maji mengi. Ipande uani tu, kamwe si kando ya kijito wala ufukweni, kwani huko husambaa ikasonga mimea mingine.