Muziki na Hali ya Moyo: Majibu kwa Wasomaji

Nikiwa na majonzi husikiliza nyimbo za huzuni tu, na mke wangu husema najiongezea uchungu. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Inategemea moyo wako unafanya nini wakati wimbo unapopigwa. Watafiti wa Berlin waliowahoji watu zaidi ya 700 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014 walikuta kwamba hisia iliyotajwa zaidi na wasikilizaji wa nyimbo za huzuni haikuwa huzuni yenyewe, bali hamu ya siku zilizopita. Hata hivyo, mwenye tabia ya kurudia-rudia fikra zilezile zinazomuumiza huweza kuzidiwa na wimbo huohuo. Jipime: baada ya nyimbo mbili tatu, je, umepumua na waweza kuinuka kuendelea na shughuli zako, au umeurudisha wimbo mwanzo huku ukilihesabu tena kosa la mtu fulani? Ikiwa ni hili la pili, mke wako ana haki ya kuzima redio.

Kwa nini taarab hunisimamisha vinyweleo, na muziki mwingine haunigusi? (Msomaji, Mombasa)

Msisimko huo ulipimwa katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kwa watu waliojichagulia muziki wao, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha kwamba ubongo humwaga dopamini, kemikali inayohusika pia na raha ya chakula, si pale utamu unapofika kileleni tu, bali hata sekunde chache kabla, msikilizaji anapoungoja. Kungoja huko kunahitaji mazoea. Anayeijua taarab asilia huzisikiliza ala za nyuzi, kanuni na fidla, katika utangulizi wake mrefu akijua sauti ya mwimbaji i karibu, na ubeti unaomgusa ukifika huinuka kwenda kumtunza, ilhali jirani yake asiyeuzoea muziki huo anatazama saa. Kwa kuwa kila mtu huguswa na muziki aliouzoea, sizithamini sana zile orodha za nyimbo za kuondoa msongo wa mawazo zinazosambazwa kwenye simu.

Nina ujauzito wa miezi 6. Je, nimpigie mtoto muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, ili awe na akili?

Ukiupenda muziki wa Mozart, upige. Kwa ajili ya akili, hapana. Dhana hiyo ilitokana na jaribio la Marekani la mwaka 1993 lililohusu wanafunzi 36 wa chuo kikuu, wala si watoto wachanga, na faida iliyoonekana haikuzidi robo saa.

Dada yangu ana sonona. Ameacha dawa, akisema kaswida zinamtosha.

Asikatazwe kaswida, lakini dawa asiziache. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba tiba ya muziki inayoongozwa na mtaalamu, ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, hupunguza dalili za sonona kwa muda mfupi. Iliongezwa, haikushika nafasi ya matibabu hayo. Mpeleke kwa daktari wiki hiihii, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona zikikatishwa ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi.