Swali la Lugha: Farasi Ana Roho

Mwalimu mmoja wa Eastlands ameniandikia. Anawaandalia wanafunzi wake somo kuhusu jinsi mbio za ubingwa za farasi zilivyobadilika, na anauliza: aseme "enzi" au "zama"?

Yote mawili ni sawa, mwalimu. "Enzi" lina asili ya Kiarabu na linabeba maana ya nguvu na utawala. Ndilo limo ndani ya "Mwenyezi", mwenye enzi. "Zama" ni wakati tu. Kwa hiyo mimi husema enzi za Eclipse, maana farasi huyo wa Uingereza alitawala kweli: mwaka 1769 na 1770 alikimbia mara 18 na hakushindwa hata mara moja. Tena husema zama za maili nne, farasi walipokuwa wakirudia raundi baada ya raundi siku hiyo hiyo. Swali limekwisha.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe, kwa sababu sentensi yake ya tatu imeninyima usingizi: "Zamani farasi ilikuwa inakimbia maili nne." Ilikuwa! Inakimbia! Farasi ana roho, mwalimu. Anahema, anatoka jasho, anaogopa kelele za watu.

Najua ugonjwa huu umetoka wapi. Hapa Nairobi ng'ombe imevuka barabara, mbwa imebweka, kuku imetaga. Neno "farasi" halibadiliki katika wingi, linafanana na "meza", basi watu wanalivika viambishi vya meza. Lakini Kiswahili huuliza kwanza kama kitu kina uhai. Kweli tunasema "rafiki yangu", na wapo wasemao "mbwa zangu". Ila wasikilize wanavyomaliza: "mbwa zangu wanabweka". Kwenye kitenzi, uhai unarudi.

Tazama hasara yake. "Farasi alivuta hatamu, ikakatika, akaruka uzio, akatokomea." Vitenzi vinne, na kila kimoja kinajulikana ni cha nani. Sasa iseme Kinairobi: "Farasi ilivuta hatamu, ikakatika, ikaruka uzio, ikatokomea." Ni nini kilichoruka uzio? Ukanda wa ngozi?

Kuna baya zaidi. Mwalimu ameandika, "Mwaka 1973 Secretariat ilishinda Belmont kwa urefu wa farasi 31." Habari ni ya kweli, na ni kubwa: Belmont ni moja ya mbio tatu kuu za Marekani, na nchi hiyo ilikuwa imekaa miaka 25, tangu farasi Citation mwaka 1948, bila farasi wa kutwaa mataji yote matatu. Secretariat akamaliza maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Lakini "Secretariat ilishinda"? Mtoto wa darasa la saba anajua sekretarieti ni ofisi. Atadhani makarani walifunga mafaili wakashuka uwanjani! Herufi moja tu, "a", ingempa farasi yule miguu yake.

Jumapili moja nilikuwa Ngong Racecourse. Farasi walipoikata kona ya mwisho, msichana wa miaka kama sita mbele yangu alisimama juu ya benchi akipiga kelele, "Anakuja! Yule mweusi anakuja!" Baba yake akamvuta sketi akamwambia, "Sema inakuja." Nikamgusa bega yule baba, nikamwambia mtoto yuko sahihi. Alinitazama vibaya. Nami bado nina hasira, kwa sababu mtoto alikuwa amekiona kiumbe, na mtu mzima akamfundisha kuona chombo.

Ndani ya matatu kwenye barabara ya Racecourse, ambako siku hizi hakuna farasi hata mmoja, sisemi kitu. Utingo akiniambia mbuzi imekanyagwa, namwonea huruma mbuzi na kulipa nauli. Mazungumzo ya safarini yana njia yake. Ubao wa darasani ni jambo lingine, mwalimu. Kwa hiyo futa, uandike hivi:

"Zamani farasi walikuwa wakikimbia maili nne. Derby ya Epsom, Uingereza, ilipoanza mwaka 1780 walikimbia maili moja, na kuanzia 1784 wakaongezewa nusu maili."

Hiyo "ilipoanza" usiiguse. Hiyo ni ya Derby, na Derby haina miguu.