Stirio za nyumbani zimekwenda wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina stirio niliyoinunua miaka ya 1990, yenye redio, deki mbili za kaseti, sehemu ya CD tatu na spika mbili kubwa. Siku hizi kaseti hazizunguki na CD zinarukaruka. Nilipotafuta mpya ya namna hiyo, nilioneshwa spika ndogo za kubeba mkononi tu. Je, stirio hizi zimekwenda wapi, na hii yangu niitupe?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiitupe.

Stirio kama yako ilitengenezwa kwa sababu muziki ulikuwa umetawanyika. Philips ilileta kaseti mwaka 1963, CD ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982, na redio ilikuwapo tangu zamani; aliyetaka vyote hivyo alipaswa kuwa na chombo cha kila kimoja, au anunue sanduku moja ambamo vyote vilitumia amplifaya moja na spika zilezile. Muziki ulipohamia kwenye mafaili ya MP3, na baadaye ukaingia wote ndani ya simu, sanduku hilo halikuwa tena na cha kukusanya. Spika ya Bluetooth yenye betri ikatosha, kwa kuwa inapokea tu kile ambacho simu imekwisha kukiandaa.

Hata hivyo, kuna kitu kilichopotea, nami nakisikitikia kwa dhati. Weka spika zako mbili mbalimbali, kisha ukae mahali ambapo umbali wako hadi kila moja unalingana na umbali ulio kati ya spika hizo mbili. Utamsikia mwimbaji katikati, pasipo na spika yoyote, gitaa likiwa upande mmoja na ngoma upande mwingine. Hiyo ndiyo maana ya stirio, na spika moja ndogo haiwezi kukupa hayo, hata iwe na sauti kubwa kiasi gani, kwa sababu kulia na kushoto vinatoka mahali pamoja.

Kuhusu kaseti, mara nyingi mota ni nzima na kilichokufa ni mpira mwembamba unaopeleka mzunguko wake kwenye deki. Mpira huo ukizeeka hulegea, na mwingine hugeuka kama lami, ukaacha weusi unaonata vidoleni. Fundi atausafisha kwa spiriti na kuweka mpya wenye kipimo kilekile. CD zinazorukaruka huenda zinasumbuliwa na vumbi kwenye lenzi, ambalo hufutwa taratibu kwa pamba laini. Leza yenyewe ikiwa imechoka, itabidi ibadilishwe. Kazi hizi mwachie fundi, kwa maana ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Wakati unamsubiri fundi, tazama nyuma ya stirio kama kuna matundu yaliyoandikwa AUX. Katika baadhi ya stirio yameandikwa VIDEO au MD, na yanafanya kazi hiyohiyo. Unganisha hapo simu yako kwa waya, au kipokezi kidogo cha Bluetooth. Usiunganishe kwenye matundu ya PHONO, kwani hayo ni ya kicheza santuri na sauti itakwaruza. Pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, kisha upunguze au kuongeza kwa kitufe cha stirio, ili mvumo wa chinichini usisikike.